Amplifaya ya Shangazi Mwanvua

Mimi huamini kwamba sauti haifi, hukwama tu. Fungua redio yoyote ambayo mwenyewe ameshaikatia tamaa, utaikuta sauti imekaa mahali, kwenye waya uliokatika au kwenye lehemu iliyopasuka, inangoja mtu aipe njia. Kwa imani hiyo nimetengeneza redio hapa Ujiji tangu marehemu baba aniachie meza yake na mita yake ya kupimia umeme, na kwa imani hiyo hiyo nimegombana na wateja. Mtu akiweka redio mezani na kuniambia, "Hii imekufa, Dunia," damu hunichemka. Nani kakwambia imekufa? Wewe daktari?

Masika ya mwaka ule wa vita vya ng'ambo, ziwa lilikuwa linaleta watu. Asubuhi mvua ikikatika, milima ya Kongo ilisogea karibu, ya buluu, imeoshwa, mpaka ukahisi ukimwita mtu wa kule atageuka. Kumbe chini ya milima ile watu walikuwa wanakimbia. Boti ziliwashusha Kibirizi katikati ya dagaa walioanikwa, wamelowa, wamebeba magodoro na kuku, na sisi wa Ujiji tukawa tunashuka kuangalia kama kuna wetu. Mji huu nusu yake babu zao walitoka kule, kwa hiyo kila mtu alikuwa na wake wa kumtazamia.

Wangu alikuwa shangazi Mwanvua, dada yake baba, aliyeolewa Uvira kabla sijazaliwa. Nilimtambua kwa paji la uso, lilikuwa la baba lile lile. Nikamwamkia, "Shikamoo, shangazi." Kimya. Nikarudia, kimya tena, na mimi sina subira, nikaanza kununa pale pale mchangani. Ndipo alipogusa sikio lake la kushoto.

"Paza, mama," akasema. "Bomu ilianguka sokoni. Masikio yangu yalibaki kule."

Hayakuwa masikio peke yake yaliyobaki. Alikuwa ameondoka na binti yake, Tausi, mtoto wake wa pekee. Ufukweni watu walisukumana gizani, mama akapandishwa boti moja, mtoto akapandishwa nyingine, na boti ya pili haikuonekana Kibirizi. Wengine walisema ilitua kusini huko, wengine walisema ilirudi. Shangazi hakulia aliponieleza. Alikaa kwenye ngazi ya nyumba yangu ya Buzebazeba na uso ameuelekeza ziwani, akauliza kama nina mawese.

Nikampa chupa nzima, nikidhani ana njaa. Akapaka bawaba za mlango. Akapaka komeo. Akapaka miguu ya kitanda kilichokuwa stoo, ambacho nilimwambia kitakuwa cha Tausi. Tangu siku hiyo kila nilichokishika nyumbani mwangu kiliteleza, na nguo zangu zote zikapata alama za vidole vyekundu. Nilinung'unika sana. Nilidhani ndivyo wazee wa kule wanavyofanya usafi.

Siku zile, kila alasiri saa kumi, redio ilikuwa inasoma majina ya watu waliopotezana. Fulani yuko kambi fulani, anamtafuta fulani. Saa hiyo barabara yetu ilitulia. Wanaotwanga waliweka mchi chini, na Gervasi, muuza kahawa, Muha wa Kalinzi asiyejua kunyamaza, alitua birika lake mbele ya meza yangu akanyamaza. Majina yalishuka moja baada ya moja, polepole, kama matone ya mvua kwenye bati inapokaribia kukatika. Wakati mwingine mtu mtaani alipiga kelele ya furaha. Mara nyingi hapakuwa na kelele.

Na kwa kuwa binadamu hawezi kukaa na huzuni kila siku bila kutafuta pa kuchekea, tulicheka. Wengi waliogopa kutaja majina yao halisi, wakajitangaza kwa majina ya ajabu ajabu. Alikuwepo Mzee Baiskeli, aliyewatafuta wanawe. Walikuwepo mapacha waliomtafuta Bibi Kelele. Lakini aliyetuvunja mbavu alikuwa Kijiko. "Kijiko yuko kambi ya Lugufu, anamtafuta Sufuria." Siku ya kwanza kulisikia tangazo hilo Gervasi alimwaga kahawa. Kila liliposomwa tena alikuwa na jambo jipya la kusema. "Na Uma je, bado hajapatikana? Basi watu watakulaje?" Watoto wakaanza kuitana Kijiko njiani. Shangazi alikuwa amekaa papo hapo kwenye mkeka, akitutazama tunavyocheka, na yeye akatabasamu kwa adabu, kama mtu anavyotabasamu kwenye harusi ambayo hamjui bwana wala bibi.

Kila alasiri aliiweka redio yangu kubwa shavuni. Haikumsaidia. Alisikia ngurumo tu, maneno hapana.

"Nitakusikilizia mimi, shangazi," nikampigia kelele sikioni. "Tausi binti Hamdani, wa Uvira. Likisomwa, nitaruka mpaka paa."

"Hawezi kutumia lile," akasema. "Lile la shule kila muntu analijua, na wale waliotufukuza banalijua pia. Nilimwambia, tukipotezana, tumia la nyumbani."

"Haya. La nyumbani ni lipi?"

Akanitazama kama nimemwomba avue nguo barazani.

Ndipo akanieleza. Katika nyumba yao, jina la ndani la mtu aliye safarini halitamkwi. Halitamkwi mpaka ijulikane amekanyaga wapi. Ukilitamka anasikia, anageuza kichwa, na anayegeuza kichwa njiani hujikwaa. Mama mkwe wake alilishika hilo, na yeye akalishika. Mumewe alipokuwa akienda Kalemie kununua samaki, alikaa wiki nzima hamtaji. Na mtoto huyu, hajui amekanyaga wapi. Labda bado yuko kwenye maji.

"Shangazi, hii ni redio!" nilisema. "Nisipolijua jina nitalisikilizaje?"

"Ndiyo sababu nataka kusikiliza mwenyewe."

Nikajaribu njia nyingine. Nikamwambia nitamrudishia kila jina linalosomwa, yeye akae tu na sikio lake la kushoto karibu na mdomo wangu. Tukafanya hivyo alasiri moja. Majina yalikwenda mbio, koo likaniwasha, nikawa namtajia yale yanayofanana na yetu, ya Kiislamu, ya Uvira, ya wasichana. Katikati akanishika mkono.

"Unachambua," akasema. "Unanichambulia kama mchele. Mimi sijui mutoto wangu yuko kwenye mchele ama kwenye pumba."

Niliondoka pale nimewaka. Niliipiga teke ndoo, ikaviringika hadi mtaroni. Mtu unampa koo lako lote, anakwambia unachambua! Nikateremka hadi ziwani nikakaa kwenye changarawe. Maji yalikuwa shwari, yamelala, na kutoka mbali sana nikasikia mtu akikohoa kwenye mtumbwi ambao hata sikuuona. Maji yanabeba sauti namna hiyo. Yalileta kikohozi cha mtu kizima kizima, hayakukichambua. Nikainuka nikarudi kwenye meza yangu.

Niliamua kumtengenezea amplifaya. Si kubwa ya harusi, hapana, ndogo ya mtu mmoja, ya kuchukua sauti ya redio, kuikuza, na kuimimina kwenye hedifoni. Transista nilizitoa kwenye tumbo la redio kaseti iliyokuwa haina mwenyewe. Hedifoni za sponji nilipewa na baharia wa boti za Kalemie. Chuma cha kulehemu nilikipasha kwenye jiko la mkaa, kwa sababu umeme ulikuwa unakuja utakapo. Nyumba ya amplifaya ikawa kopo la maziwa ya unga. Tundu la kuchomekea hedifoni sikuwa nalo, nikakata vipande vya bati kutoka kwenye mfuniko, nikavikunja vikawa ndimi za kuibana pini. Asubuhi ya siku niliyomaliza nilijaribu mwenyewe, nikaruka. Sauti ilipiga kwenye meno. Kwa masikio yaliyobaki sokoni Uvira, hii itatosha.

Nikamkabidhi shangazi kopo lake, nikamwambia mtoto atafikia humu kwanza. Akalipokea kwa mikono miwili, akaenda nalo ndani.

Mchana mvua ikanyesha, kukawa na baridi. Saa kumi nikamvisha hedifoni, nikachomeka waya mmoja kwenye redio, na spika ya redio ikanyamaza kama inavyopaswa. Nikawasha. Nikamtazama usoni. Akanitazama usoni.

"Bado?" akauliza.

Nikazivaa mimi. Hakuna kitu, hata ule mnong'ono wa umeme unaosikika kabla ya sauti. Nikapiga kopo. Nikageuza betri. Nikatikisa kila kinachotikisika, nikatukana vyote visivyotikisika, na majina ya siku ile yakasomwa, yakapita, hakuna aliyeyasikia nyumbani kwangu. Shangazi alivua hedifoni, akazikunja vizuri, akaziweka mapajani.

"Imekufa?" akauliza.

Kwake sikupandwa na hasira. Kwa mara ya kwanza neno hilo lilinitia hofu.

Asubuhi Gervasi alipita na birika lake. "Mwakeye, fundi," akanisalimia, halafu akaona kopo limefumuliwa mezani. "Mbona umenuna hivyo? Kuna kitu nataka kukwambia. Kijiko simsikii siku hizi. Nadhani tangazo likikaa sana bila mtu kujitokeza, wanalitoa wapishe wengine. Maskini. Nilishamzoea."

Maneno yale yalinichoma kwa upande mwingine kabisa: kama wanayatoa matangazo ya zamani, basi kila alasiri inayopita na kopo hili bubu, jina la Tausi linaweza kuwa limesomwa kwa mara ya mwisho.

Nikaanza mwanzo. Betri niligusa kwa mita, nzima. Swichi, nzima. Nikafuata njia ya sauti hatua kwa hatua, kutoka inapoingia hadi inapotoka, nikipasha upya kila lehemu. Nilibadili kapasita ambayo haikuwa na kosa lolote, kwa chuki tu. Nikafunga spika ndogo moja kwa moja kwenye nyaya za mwisho za amplifaya, na mtangazaji akatoka, safi kabisa, anasoma hali ya hewa. Kwa hiyo amplifaya ilikuwa inasema. Nikachukua hedifoni, nikagusisha nyaya za betri kwenye pini yake, zikakwaruza sikioni, krr, krr. Na zenyewe zinasema. Nikaziunganisha, kimya. Walikuwa kama mke na mume waliogombana: kila mmoja peke yake anaongea na majirani, wakiwekwa chumba kimoja hawasemezani.

Jua lilitoka kidogo, likajificha. Mvuke ukapanda kutoka barabarani na watu wakawa wanapita ndani yake bila miguu. Kichwa changu kilikuwa chepesi kwa kutokula. Niliona kana kwamba sauti ya yule msichana iko ndani ya kopo, imekaa, imekunja magoti, inanisikia ninavyohangaika na haiwezi kunijibu. Nilimsemesha. Nilimwambia, ngoja kidogo, usiondoke. Majirani walioniona waliniacha, wananijua.

Nilihitaji mikono yote miwili kushika kopo, kwa hiyo nikafanya lile ambalo baba alinikataza na ambalo yeye mwenyewe alilifanya kila siku: niliibana pini ya hedifoni kwa meno.

Nikapata ladha ya kisamvu.

Nilidhani ni njaa. Nikailamba tena. Mawese. Mawese yenyewe, ya kukaangia, hayana shaka. Nikaichungulia ile pini juani, inang'aa kuliko ilivyong'aa siku niliyoipata. Nikatazama ndani ya tundu langu la bati, na pale ambapo ndimi zinapaswa kuibana pini palikuwa na mafuta ya rangi ya chungwa, yameganda kwa baridi ya mvua, mazito, yamejazwa kwa kidole na kwa uangalifu mkubwa. Umeme mdogo kama ule haupenyi kwenye mafuta. Sauti ilifika hadi mlangoni kabisa, ikakuta mlango umezibwa.

Nilinyanyuka pale na maneno yote mdomoni. Siku nzima! Na jana! Niliingia ndani na kopo mkononi, nikamwekea shangazi mbele ya macho, nikamwonyesha lile tundu kwa kidole.

"Nani kapaka hapa?"

Alilitazama bila wasiwasi. "Mimi."

"Kwa nini?"

"Si ndicho kitakachompokea?" akasema. "Muntu akiwa safarini, kila kitu kitakachompokea kinapakwa mafuta. Mlango nimepaka. Komeo nimepaka. Kitanda chake. Ukaniambia mutoto atafikia hapa kwanza, kwa hii kopo. Ningeiacha kavu?"

Mikono yangu ilikuwa bado hewani na yale maneno yangu yalikuwa bado mdomoni. Nikatazama bawaba nilizozinung'unikia. Nikatazama komeo. Nyumba yangu nzima ilikuwa imeandaliwa, kila pahali pa kugusa, na mimi nilikuwa nafua zile alama za vidole na kununa. Nilikaa chini kwenye mkeka nikalia, kwa sauti, kwa kuwa asingesikia. Lakini aliona. Akanifuta kwa upande wa kitenge chake, na bila shaka akanipaka mawese shavuni.

Nilipotulia nikamsogelea sikio la kushoto. "Shangazi. Humu ndani sauti inapita uchi. Inataka pakavu. Huku nje, paka utakavyo."

Akafikiri. Akakubali.

Nilisafisha pini kwa kitambaa na mafuta ya taa, nikakwangua ndimi za bati kwa wembe hadi zikaonyesha weupe. Yeye akalipaka kopo nje, pande zote, mpaka likawa jekundu na kuteleza. Ilipokaribia saa kumi nikamvisha hedifoni juu ya mtandio, nikachomeka, nikawasha.

Alishtuka. Akatazama juu.

"Mvua?" akauliza.

"Hapana, shangazi. Ndivyo redio inavyopumua."

Kisha uso wake ukabadilika na nikajua mtangazaji ameanza. Mimi sikusikia kitu. Redio yangu ilikuwa bubu kwa sisi wengine wote, na barabarani watu wa jirani walikuwa wanasikiliza kwenye redio zao, mbali, kama watu wanaoongea usingizini. Nilikuwa na uso wake tu. Niliyaona majina yakimpita. Mengine yalimfanya atikise kichwa kwa huruma, mengine aliyafuata kwa midomo, moja baada ya jingine, hachambui. Mikono yake ilikuwa imelala juu ya magoti na vidole vinameta. Muda ule ulikuwa mrefu, wa taratibu, na sitaki kudanganya, nilisinzia kidogo nimekodoa macho. Niliota boti inayokuja bila injini, ndani yake hamna watu, majina tu.

Akavua hedifoni. Nikajua orodha imekwisha na hamna kitu, na nikaanza kutafuta la kumwambia.

"Kijiko," akasema.

Nilidhani sikusikia sawasawa.

"Kijiko," akarudia, sasa machozi yanamtoka na anacheka. "Alikuwa mudogo, hatoki nyuma yangu, naenda huku yuko, naenda kule yuko. Nikamwambia, mimi Sufuria, wewe Kijiko, unakaa ndani yangu tu. Yuko Lugufu. Amekanyaga, Dunia! Amekanyaga chini!"

Alinyanyuka. Hakuvaa hata ndala. Alifungua mlango, nao ukafunguka bila kulia, akasimama kizingitini na kuita kwa nguvu, kwa ile sauti ya mtu asiyejisikia mwenyewe, kama mama anayemwita mtoto aje ale, chakula kinapoa. "Kijiko! Kijiko ee!"

Barabara yote ikageuka. Watoto waliokuwa wakiitana jina hilo tangu mwanzo wa masika wakasimama pale walipokuwa. Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika mwimo wa mlango, mkono unateleza.

Gervasi alikuwa kwenye meza yangu na kikombe cha mtu mkononi. Alikiweka chini polepole. Akaja hadi kizingitini, akavua kofia, akainama karibu na sikio la kushoto la shangazi, maana nilishamwelekeza siku nyingi kwamba hilo ndilo zima.

"Mama," akasema kwa sauti kubwa. "Yuko Lugufu, mama. Leo wamemsoma tena, tumemsikia sote. Kila siku alikuwa anakuita."